Taa za Belle Aurore

Rachid wa mzee Athumani, kijana wa Magarama pale Gitega, alikuwa na kazi ambayo mama yake hakujua namna ya kuwaeleza majirani. Wenzake walikuwa mafundi wa simu, wauza vitenge, madereva. Yeye alikuwa akitengeneza picha za nyumba ambazo hazipo. Ukitaka kujenga, unamletea ramani yako, ile ya mistari na namba, naye anajifungia kwenye chumba kilicho nyuma ya cherehani ya baba yake. Kompyuta inaunguruma kama mashine ya kusaga unga, na baada ya siku mbili unakabidhiwa nyumba yako nzima: ukuta umepakwa rangi, majani yamekatwa, gari limeegeshwa, jua limekaa barazani kama mgeni aliyekaribishwa chai. Wenye kazi yao wanaita rendu. Mama Rachid alikuwa akisema "vile vitu vyake."

Kusimamisha ukuta kwenye kompyuta kunahitaji subira tu. Ufundi wa Rachid ulikuwa kwenye mwanga. Alijua jua la saa kumi linaingia dirishani kwa mshazari gani, alijua kivuli cha adhuhuri kina ukingo wa wembe na cha asubuhi kina ukingo wa pamba, alijua saruji iliyolowa inang'aa wapi na inafifia wapi. Wateja hawakuwa na habari na hayo. Wao walitaka taa. Mchana kweupe, mbingu ya bluu, mteja anataka kila balbu iwake, ndani, nje, mpaka ya chooni, maana nyumba yenye taa zilizozimwa watu watasema mwenyewe hajavuta umeme. Mwalimu mmoja wa Musinzira alimrudishia picha mara tatu kwa sababu tangi la maji lilikuwa halionekani kutoka barabarani.

Na kwa vile umeme wa mtaa ulikuwa na tabia zake, Rachid alifunga paneli mbili za sola juu ya bati. Jua la kweli lilihenyeka kutwa nzima juu ya paa ili jua la uongo lipate kuchomoza chini yake.

Mwaka uliopita alipata mteja mnene. Kasiano, mwenye duka la misumari na mabati mjini Muyinga, alimpigia simu akitaka picha ya ukumbi wa harusi, salle kama watu wanavyosema, ambao angeujenga kwenye kiwanja chake kando ya barabara. Jina lilikuwa tayari: Belle Aurore. Hawakuonana uso kwa uso. Kasiano alituma ramani na picha ya kiwanja, kisha akaanza kutuma matakwa.

"Weka lustre, ile taa ya kuning'inia kama mkungu wa ndizi," alisema kwenye simu.

"Nimeweka."

"Ongeza ingine. Na watu. Watu wenye kuvaa vizuri, si watu bile bile, wa kuokoteza."

Rachid aliifanyia kazi wiki tatu. Alipima jua, akachagua saa kumi na moja na nusu jioni, wakati ambapo hata matofali ya udongo yanapendeza. Kwenye mlango alimweka mwanamke mwenye gauni la njano, amegeuka, anaingia. Alipomaliza alijiona bingwa, akamwambia Kasiano neno ambalo baadaye alitamani kulimeza: "Kaka, mutu akiona hii picha ataenda kuuliza kama kuna kiti libre, kisicho na mtu."

Watu wakaenda kuuliza.

Siku nane kabla ya harusi ya dada yake, Yasmina, kadi za mwaliko zilifika Gitega kutoka Muyinga. Bwana harusi, Hussein, alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki huko, kijana mpole anayecheka kwa kuchelewa, na Yasmina alikuwa amempenda tangu siku aliyomwona akitafuta kofia yake huku ameivaa. Kadi zilikuwa nzito, zenye ukingo wa dhahabu. Katikati palikuwa na picha ya ukumbi, na ukumbi wenyewe ulikuwa Belle Aurore. Jua la saa kumi na moja na nusu, taa zote zimewaka, mwanamke wa njano mlangoni.

"Angalia watu wa Muyinga," Mama Rachid alisema, akiipeleka kadi dirishani ili aione vizuri zaidi. "Angalia taa. Wenzako wanajenga, we unachora."

"Mama, hii mi njo nilichora."

"Kadi?"

"Salle."

"Sasa hiyo ni sifa gani, kuchora kitu kiko? Hata mi naweza kuchora soko."

"Haiko, mama. Na huyu mwanamke wa njano ni Yasmina. Nilimpiga picha hapa uani, kwa mgongo, nikamubandika pale mlangoni."

Mama Rachid aliitazama kadi, akautazama mgongo wa binti yake aliyekuwa ameinama kwenye beseni, akairudia kadi. Alifanya hivyo mara tatu, taratibu, kama mtu anayelinganisha sahihi.

"Yasmina," alisema. "Muyinga ulienda lini?"

"Mi? Sijawahi kufika."

"Huo mgongo niliuogesha mi mwenyewe miaka kumi. Uliingia kwenye salle ya bashemeji mbele ya nikaha, hata hujaolewa?"

Hapo cherehani ilinyamaza. Mzee Athumani alikuwa fundi nguo mwenye mkono mtulivu na moyo usiojua kurudi nyuma. Miaka miwili kabla alivunja uchumba wa binti yake mkubwa kwa sababu mchumba alisema ana pikipiki, na pikipiki ikaja kuonekana ni ya kaka yake. Siyo kwamba Athumani alikuwa na haja na pikipiki. Hajawahi kupanda hata moja.

"Nani amesema salle haiko?" aliuliza.

Mama Rachid aliifunika kadi kwa kiganja.

"Mutu akinidanganya kitu kimoja, mi sitafuti cha pili. Wakubwa wa Muyinga wamenitumia neno kwamba salle iko, na mzee wao ameikagua. Mi nimealika Magarama mzima. Kama wamenidanganya, mniambie leo, hii harusi tunaifunga kama duka."

Rachid alimtazama dada yake. Yasmina alikuwa amekamata sahani moja na kuisugua mahali pamoja, kama anataka kuitoboa.

"Nilikuwa natania, baba," Rachid alisema. "Migongo inafanana."

Cherehani ikaanza tena. Baada ya muda Yasmina alimfuata kwenye chumba cha kompyuta na kuegemea mlango.

"Iko ama haiko?"

"Sijui. Labda wamejenga tangu pale."

"Na kama hawajajenga?"

"Nitarudi nimwambie baba polepole."

"Baba hajui polepole. Sikiliza, Rachid. Hussein namutaka. Salle siitaki, hata tukila harusi ndani ya garage. Lakini baba akisikia wamemudanganya, mi nitazeekea hapa nikishona vifungo. We njo uliwasha hizo taa. Nenda ukazizime."

Jumanne Rachid alifunga kompyuta yake kwenye begi la mgongoni, akamwambia baba anaenda Muyinga kuona mteja, jambo ambalo halikuwa uongo hata kidogo, akapitia Karuzi na kufika Muyinga kabla ya adhuhuri. Pale stendi alimwambia dereva wa pikipiki ampeleke Belle Aurore.

"Panda, sha," dereva alisema. "Mi nilicheza pale bonane, usiku wa mwaka mpya."

"Ndani?"

"Ndani kabisa. Lustre ziko hivi." Akaachia usukani kwa mikono miwili kuonyesha ukubwa wa lustre, na Rachid akakumbuka dua zote alizofundishwa madrasa.

"Na vyoo viko upande gani?"

"Kushoto. Visafi sana."

Kwenye ramani ya Kasiano vyoo vilikuwa vimesahauliwa kabisa.

Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa uzio wa mabati marefu, na juu ya mabati, upande wa barabara, palibandikwa bango lenye picha yake, pana kuliko nyumba aliyozaliwa. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi ng'ambo ya barabara alimwona ameduwaa.

"Unakuja kukodi?"

"Nasikia ni pazuri. We mama umeshaingia?"

"Mara ngapi," alisema, akageuza hindi ambalo halikuhitaji kugeuzwa. "Viti vyake ni laini."

Ndipo Rachid alipoanza kuelewa ugonjwa wa mji huu. Hakuna aliyekuwa amesema uongo mkubwa. Kila mmoja aliona picha, akadhani wenzake wamekwisha kualikwa, na kwa kuwa hakuna anayependa kuwa mtu pekee asiyealikwa, akasema kauongo kadogo, ka kumtosha yeye tu. Mmoja alicheza, mwingine alikaa kitini, wa tatu alikuta wali umeisha. Vile viuongo vidogo vikapangwa kimoja juu ya kingine mpaka vikawa ukumbi wa watu mia tano.

Alizunguka nyuma, akapata bati lililolegea, akachungulia. Kulikuwa na msingi. Kulikuwa na marundo ya matofali, mbao za kenchi, mabati yaliyofungwa kwa waya. Katikati ya msingi, mahali alipokuwa ametundika lustre ya pili, maharage yalikuwa yamestawi vizuri sana.

Rachid alimkuta Kasiano dukani kwake, pandikizi la mtu, sauti nyembamba, miwani iliyofungwa uzi. Aliposikia jina la Rachid alimkumbatia kama ndugu aliyetoka vitani.

"Msanii wangu. Umeona bango?"

"Nimeona na maharage. Na Jumamosi dada yangu ndiye anaolewa humo."

Kasiano akamwachia. Akavuta kiti, akamwita mke wake alete chai, akakaa.

"Nisikilize mbele ya kunihukumu. Mi sikuambia mutu salle iko tayari. Niliweka picha kwa status, basi. Asubuhi nimekuta félicitations mia moja, watu wananipongeza. Padri ameandika. Mwalimu aliyenichapa primaire ameandika. We ungejibu nini?"

"Ningejibu ni picha."

"Kwa mutu wa kwanza, ndiyo. Kwa mia moja?" Alikoroga chai bila sukari. "Nikasema asante. Na ukisha kusema asante, donc, imejengwa. Wakaanza kuja kukodi. Nikawaza, mbele ya hiyo tarehe nitakuwa nimepandisha kuta. Halafu saruji ikapotea sokoni. Jumamosi ya harusi ya dada yako ndiyo ya kwanza. Sili, silali."

"Lakini wanasema mzee wao alikuja kukagua."

"Mzee Zakaria? Alikuja. Alikaa hapo ulipokaa. Nilimwambia twende, akaangalia mvua, akaangalia viatu vyake. Akaomba simu. Akaivuta picha kwa vidole, kona kwa kona, dakika kumi, akasema: nimeridhika."

Mzee Zakaria ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Alikulia Kigoma, alirudi Burundi na ndevu tayari zimeota mvi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba watu wa Muyinga walimkodi kwa kila posa, kila msiba, kila ugomvi wa mpaka wa shamba. Alasiri Rachid alimkuta sebuleni kwake na Hussein na wajomba wanne wa Hussein. Alikaribishwa, akapewa Fanta, akauliza kwa upole kama ukumbi uko salama.

"Kijana wangu," mzee Zakaria alisema, "swali lako ni zuri na jibu lake ni fupi. Mimi binafsi, kwa miguu yangu hii, nimeingia kwa mlango wa mbele na nimetokea kwa mlango wa nyuma. Nimehesabu viti. Nimegonga ukuta, hivi, kwa kifundo cha kidole, na ukuta ukanijibu."

Wajomba walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja alimgeukia Hussein: "Si tulikuambia? Mzee hafanyi kazi nusu."

"Labda, mzee," Rachid alisema, "ulikuwa ukuta mwingine."

Sebule ilipoa. Hussein, maskini, alicheka, akagundua kwamba hakuna kichekesho, akaacha.

"Unataka kusema," mzee Zakaria aliuliza taratibu, "kwamba mimi ni mwongo, nyumbani kwangu, mbele ya watu ninaowasemea?"

Rachid aliona harusi yote ikining'inia kwenye jibu lake. Akisema ndiyo, mzee atajitoa, wajomba watanuna, habari itafika kwa cherehani ya Magarama kabla ya yeye kufika stendi.

"Hapana, mzee. Nimechoka na safari."

Alipoaga, mzee Zakaria alimsindikiza mpaka kwenye lango, jambo ambalo wajomba waliliona kuwa ungwana mkubwa. Langoni mzee alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Ule ukumbi. Una paa?"

"Hauna, mzee."

"Kuta?"

"Za kwenye bango."

Mzee Zakaria alifumba macho. Kiswahili chote cha Kigoma kilimwishia mdomoni.

"Nimemwambia baba yako kwa simu kwamba nimegonga ukuta," alisema mwishowe. "Heri ungeanguka."

"Utaangukaje na haukusimama?"

"Kwa watu umesimama. Wewe uliza mtu yeyote."

Rachid alitembea kwa miguu kurudi kwa Kasiano, na njia nzima neno hilo lilimgonga kichwani. Kwa watu umesimama. Kila mtu katika mji huu alikuwa tayari kuapa kwamba ukumbi upo, na hakuna hata mmoja angekubali kwamba haukuwahi kuwepo. Ila kuanguka, hilo ni jambo jingine. Kitu kikianguka hakuna anayeulizwa alikijuaje. Na mzee Athumani, aliyevunja uchumba kwa pikipiki ya kaka mtu, hakuwahi kumkasirikia mtu kwa sababu ya ajali.

Jumatano asubuhi mvua ya masika ilinyesha saa tatu mfululizo, ikamwaga mifereji barabarani. Rachid alifungua kompyuta kwenye ghala la Kasiano, kati ya ndoo za rangi, akaifungua Belle Aurore yake, akaanza kuibomoa.

Mara ya kwanza alikosea. Mazoea ni kitu kibaya. Alivunja paa, akalaza kuta, akatawanya matofali, lakini jua akaliacha palepale kwenye saa kumi na moja na nusu. Mwanga wa dhahabu ukapenya kwenye kenchi zilizovunjika, vumbi likang'aa hewani. Kasiano aliinama kutazama.

"Iko muzuri," alisema. "Hivyo hivyo naweza kuikodisha."

Rachid akalizima jua. Akatandaza wingu moja zito kutoka ukingo hadi ukingo, la kijivu kisicho na upande, na vivuli vyote vikayeyuka vikabaki weusi mdogo tu chini ya kila tofali. Akaloweka matofali juu, chini akayaacha makavu. Akaweka dimbwi, na ndani ya dimbwi kipande cha mbingu isiyo na maana yoyote. Kisha akaja kwenye sehemu ngumu. Miaka minne alikuwa akijifunza kuondoa kasoro kwenye picha. Sasa alizirudisha moja moja. Aliiteremsha kamera mpaka kifuani mwa mtu. Akaipinda kidogo, kama ya mtu anayerudi nyuma kwa woga. Akaichafua kwa chembechembe za simu ya bei ndogo. Kwenye kona ya chini aliweka ukungu wa rangi ya nyama, kidole cha mtu ambaye hakuwa na wakati wa kupanga kidole.

"Lustre iko wapi?" Kasiano aliuliza.

"Imevunjika."

"Moja ibaki. Watu waone ilikuwepo."

Rachid akailaza lustre moja juu ya matofali, ubavu.

"Iwashe kidogo."

"Kaka Kasiano. Nyumba imeanguka."

"Kidogo tu, sha. Hata balbu moja."

"Umeme unatoka wapi?"

Rachid alipogeuka alimwona Kasiano ameshika miwani mkononi na kufuta macho kwa pindo la shati. Hakuwa anaigiza.

"Nilikuwa nimeizoea," alisema.

Saa tisa picha ilikuwa tayari. Waliiandikia maneno mawili matatu: Belle Aurore imeanguka na mvua, hakuna mtu aliyeumia. Hilo la mwisho Rachid ndiye aliyelilazimisha, kwa kuwa alikwisha kuwajua watu. Yeye na Kasiano wangeacha nafasi, kabla ya jua kuzama kungekuwa na marehemu, na marehemu angekuwa na majina.

Kasiano akaiweka kwenye status. Halafu simu yake ikaanza kutetemeka juu ya kaunta, ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, ikaanguka ndani ya ndoo ya misumari na kuendelea kutetemeka humo.

Watu walikuja. Walichungulia penye bati lililolegea, na walichokiona ni matofali, mbao na mabati chini, kwa sababu matofali yanayosubiri kupanda na matofali yaliyokwisha kushuka yana sura moja. Mmoja aliuliza habari ya maharage. Akaambiwa yameteremshwa na mvua kutoka mlimani. Dereva wa pikipiki alisema alipita pale dakika tano kabla, dakika tano tu, na kwamba Mungu ana kazi naye. Mama wa mahindi alikuwa amesikia kwa masikio yake: paa lililia kwanza, halafu kuta. Jioni wanawake walimletea mke wa Kasiano unga, ndizi na maji ya moto, wakakaa naye kwenye mkeka kama inavyotakiwa.

Mzee Zakaria alipata Kiswahili chake chote na cha ziada. Aliwakusanya wajomba.

"Mimi ndiye mtu wa mwisho kuingia humo," alisema. "Na sasa nitasema jambo ambalo sikulisema. Niliona ufa. Ufa mwembamba, juu ya dirisha la tatu. Nikanyamaza kwa adabu."

Wajomba walimwombea maisha marefu. Palepale waliamua harusi ihamie uani kwa mjomba mkubwa, chini ya maturubai, na Hussein akatumwa kwenda kuazima viti.

Simu ya mzee Athumani ilimkuta Rachid akiwa bado ghalani.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, baba."

"Ulikuwa karibu?"

Rachid alitafakari jibu. "Karibu sana."

"Alhamdulillahi. Ingekuwa Jumamosi tungekufa sote Magarama mzima. Nimetoa sadaka." Sauti ya cherehani haikusikika nyuma yake, na hilo lilimwogopesha Rachid kuliko maneno. "Waambie bashemeji wasipate haya. Jengo kuanguka si kosa lao. Watu wakweli hao, walinipigia simu mbele ya mutu mwingine yeyote."

Jumamosi mvua ilipumzika. Magarama ilifika na magari matatu, Athumani mbele akiwa amevaa koti aliloshona mwenyewe. Kabla hajamsalimu hata bwana harusi aliomba aonyeshwe Kasiano, akamshika mikono yote miwili na kumpa pole ndefu, na Kasiano akalia upya, na watu waliokuwa karibu wakalia naye. Nikaha ilifungwa. Hussein alijibu kwa sauti, akakubali, na baada ya kimya kidogo akacheka. Yasmina aliletwa chini ya turubai, akaketishwa kando yake kwenye kiti cha kuazima chenye jina la shule mgongoni, uso wake umefunikwa shela jeupe. Rachid alikaa mstari wa pili, amechoka kama mtu aliyejenga.

Pilau ikiwa tayari inanukia, mzee Zakaria alisimama. Alisubiri mpaka hata watoto wakatulia.

"Ndugu zangu," alisema, "kabla hatujala, adabu inatutaka tukumbuke. Wengi wetu hapa tuna kumbukumbu za ule ukumbi. Kuna waliocheza humo. Kuna waliokaa kwenye vile viti. Naomba tusimame, dakika moja, kimya, kwa ajili ya Belle Aurore."

Watu mia tatu walisimama. Wanaume walivua kofia. Dereva wa pikipiki, ambaye hakuna aliyejua amealikwa na nani, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Yasmina, ambaye Rachid alikuwa amemweleza yote kwa simu, naye alisimama. Katikati ya dakika mabega yake yakaanza kutetemeka. Alijikaza, yakazidi. Alikamata ukingo wa meza kwa mkono mmoja na mkono wa Hussein kwa mwingine, na kutoka chini ya shela kikatoka kisauti chembamba, kilichokatika, kikaanza tena. Mama mkwe wake, aliyekuwa ameambiwa kwamba wasichana wa Gitega wana mioyo migumu, alimtazama kwa huruma kubwa. Akasogea, akamwekea mkono begani, akapenyeza leso chini ya shela.

"Lia, mwanangu," alimnong'oneza. "Hata mi nilikuwa naipenda."